Kushikwa

"Kimemshika," alisema bibi, na hakuongeza neno.

Ilikuwa usiku, Kondoa, ndani ya tembe lenye harufu ya moshi na ngozi za mbuzi. Aliyeshikwa alikuwa mwana wa mama yangu mdogo, wa miaka mitatu. Kikohozi chake hakikuwa kile tulichokizoea msimu wa vumbi. Kilimjia kwa mfululizo, koho juu ya koho, bila nafasi ya kuvuta pumzi katikati, mpaka uso ukavimba na midomo ikabadilika rangi. Kisha kimya. Kisha hewa ikaingia kwa mlio mwembamba, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika. Bibi alikuwa amempakata, kiganja kimoja kifuani, kingine mgongoni, amemwinamisha mbele kidogo ili akitapika asipaliwe. Kibatari kilikuwa chini, karibu na figa, na kila mtoto alipokohoa vivuli vyao viwili viliruka ukutani kama kivuli kimoja. Alfajiri mtu alitumwa kwenda kutafuta maziwa ya punda.

Bibi aliamini mpaka anafariki kwamba maziwa yale ndiyo yaliyomponya. Kifaduro kikimwacha mtoto hai huisha chenyewe baada ya wiki nyingi, na chochote alichonyweshwa wiki ya mwisho ndicho hupata sifa. Simcheki. Madaktari wa enzi zake, katika miji mikubwa kuliko Kondoa, walizipa sifa dawa zisizostahili sifa hiyo kuliko maziwa ya punda. Kinachonirudia si maziwa, ni kile kitenzi. Katika lugha yetu homa humshika mtu. Kwikwi humshika. Tumbo humshika, akakaa kitako njiani. Tukiwa shuleni tulifundishwa kwamba huo ni usemi tu, namna ya kuupa ugonjwa mikono usiyokuwa nayo. Ilinichukua miaka mingi, na kusoma kwingi nje ya fani yangu, kujua kwamba bibi hakuwa akisema kwa mafumbo.

Njia ya hewa ya binadamu ni mto unaopanda mlima. Kuanzia kwenye matawi ya mapafu hadi kooni imetandikwa seli zenye vinywele, takriban 200 kwa kila seli, na kila kinywele hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, vyote kwa mwendo mmoja unaopokezana, kama upepo unavyopita juu ya shamba la mtama. Juu ya vinywele hivyo hupita ute. Vumbi, masizi ya kuni, chavua, vijidudu tunavyovuta kwa maelfu, vyote hunata kwenye ute na kusukumwa juu mpaka kooni, tukavimeza bila habari. Kazi hiyo haina usiku wala sikukuu. Kwa hiyo kijidudu chochote kinachotua humo kina shida moja kabla ya shida nyingine zote. Si namna ya kuua wala namna ya kula. Ni wapi pa kushika, na haraka, kabla hakijafagiliwa.

Bakteria wa kifaduro anaitwa Bordetella pertussis. Jina la kwanza ni la Jules Bordet, ambaye pamoja na Octave Gengou walimtenga na kumwotesha huko Brussels mwaka 1906. Ni mdogo hata kwa vipimo vya bakteria. Ukiwapanga elfu moja kwenye mstari, utapata mstari wa urefu wa milimita moja hivi. Kwa kawaida haingii kwenye damu wala hasafiri kwenda kwenye ini au mifupa. Hana makao mengine yanayojulikana duniani, si kwa ng'ombe, si kwa panya, si majini. Anaishi ndani ya njia ya hewa ya binadamu tu, na humo huchagua mahali ambapo mwenye akili asingepachagua: juu ya vinywele vyenyewe. Hakimbii ufagio, anaushika. Ni kama mtu aliyeogopa kuachwa na jahazi akaamua kujifunga kwenye kasia.

Anashika kwa protini. Ngozi yake ya nje imejaa vitu vinavyochomoza, na kimoja kilichochunguzwa sana ni protini ndefu, nyembamba kama uzi, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi FHA. Urefu wake ni nanomita 50 hivi. Zingehitajika 20,000, kichwa kwa mguu, kutimiza milimita moja. Nikitafuta mfano naukumbuka mmea uliotusumbua tulipokuwa tunachunga: kishona nguo. Mbegu yake nyembamba ina meno mawili au matatu kwenye ncha, na ukipita kichakani jioni unarudi nyumbani na kaptula iliyoshonwa mbegu mia. Mbegu haikujui, haikusubiri. Imeumbwa tu ili nyuzi za nguo, au manyoya ya mbuzi, yasiweze kuiacha. FHA huipata sukari iliyo juu ya seli na vinywele kwa namna hiyo hiyo. Pembeni yake kuna protini nyingine, pertaktini, na kuna vijinyuzi vinavyoitwa fimbria. Hata sumu kuu ya bakteria huyu, pamoja na maovu yake mengine, husaidia kushika. Ukimkata mkono mmoja, ana mingine.

Na mikono hiyo haitembei wazi kila saa. Bakteria huyu akioteshwa maabara kwenye nyuzijoto 25 huificha. Protini za kushika hazitengenezwi kabisa. Akipashwa hadi 37, joto la mwili wa mtu, mfumo mmoja wa jeni huamka na mikono yote hutoka. Anajua amefika kwa joto la nyumba.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma siku ile nikatoka nje kutembea, maana kulikuwa na jambo lililonigusa kuliko ujanja wa joto. Seli zetu wenyewe hushikana. Mwili si mfuko wa seli zilizomwagwa. Ni seli zilizoshikana kwa mikono na kushikilia nyuzi zilizotandazwa kati yao. Mojawapo ya nyuzi hizo ni protini iitwayo fibronektini. Mwaka 1984, huko California, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba katika protini hiyo kubwa mno, sehemu ambayo seli huishika ni ndogo ajabu: asidi amino tatu tu, ajinini, glaisini na asidi ya aspatiki, kwa mpangilio huo. Herufi tatu. Mkono wa seli unaozisoma huitwa integrini. Ndizo salamu ambazo seli hupeana mwilini mwako sasa hivi, unaposoma.

Herufi hizo tatu zimo ndani ya FHA. Zimo pia ndani ya pertaktini. Mwaka 1990 watafiti walionyesha kwamba FHA huweza kuzitumia kumshika askari wa mwili, ile seli inayomeza vijidudu, kwenye mkono wake wa integrini. Sitaki kuongeza chumvi. Bakteria huyu hategemei salamu hiyo peke yake, na kwenye vinywele sukari ndiyo huenda ina kazi kubwa zaidi. Hata hivyo, ipo. Kwenye ngozi ya kiumbe kisicho ndugu yetu wa karibu kwa namna yoyote kumeandikwa neno letu la nyumbani.

Watafsiri wa vitabu vya sayansi waliamua kwamba kiumbe kinachovamiwa kiitwe mwenyeji. Zamani nililiona neno hilo limekaa vibaya. Mwenyeji hukaribisha, nani alimkaribisha kifaduro? Siku hizi naliona limekaa sawasawa, kwa sababu adabu nzima ya ugeni kwetu inategemea sauti. Mgeni hubisha hodi, na sauti yake ndiyo huamua kama mlango utafunguliwa. Huyu amejifunza sauti ya mwenye nyumba. Na kuna maneno ambayo sikio langu halikubali kuyatenganisha, hata kama mwanaisimu atanigombeza: kuambata, kuambatana, kuambukiza. Jahazi huambaa pwani, likifuata ukingo wa nchi bila kuuacha. Ganda huambata na mti mpaka mtu aliambue. Nikisema "ameambukizwa" nasikia humo ndani kitu kikigusana na kitu, ubavu kwa ubavu, kikikataa kubanduka.

Akishakaa, kazi inayofuata ni ya kikatili na haina mengi ya kutafakari. Anatoa vipande vya ukuta wake mwenyewe ambavyo huua seli za vinywele. Seli hubanduka. Mto husimama. Ute hujikusanya, hauna wa kuusukuma, na mwili unabakiwa na ufagio mmoja tu, ule wa nguvu na wa kelele: kikohozi. Tulichokisikia usiku ule Kondoa ni mwili uliokuwa ukifanya kwa kishindo kazi ambayo vinywele hufanya kimya. Na kila koho lilirusha hewani bakteria wengine kuelekea kwetu tuliokuwa tumelala mzungu wa nne kwenye ngozi moja. Watoto wachanga mara nyingi hawana hata mlio ule wa jogoo. Wao huacha tu kupumua. Na kwa kuwa seli za vinywele zimeshabanduka, dawa ikija imechelewa hufanya kazi nusu. Huwaua bakteria, mtoto haambukizi tena wengine, lakini kikohozi huendelea kwa wiki kadhaa. Aliyemshika ameshaachia. Kilichobaki ni kusubiri vinywele viote upya.

Wengi wanaokufa kwa kifaduro hufa kwa nimonia inayokuja juu yake, na hapo pana kisa ambacho ningekikataa kama ningekikuta katika hadithi ya kubuni. FHA haibaki mwilini mwa bakteria daima. Nyingine hukatwa na kuachwa zielee. Kwa nini kiumbe kinachohitaji kushika kitupe mikono yake? Mwaka 1986 Elaine Tuomanen, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba bakteria wengine huokota mikono hiyo. Ukipaka vinywele protini za kushika za kifaduro, bakteria ambao hawana uwezo wa kushika vinywele, akiwemo yule wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, hunata. Yeye aliuita uharamia. Mimi naona zaidi ngazi iliyosahauliwa ukutani na mwizi wa kwanza.

Nyumokoki huyo, nimwite hivyo kwa kifupi, ana mbinu zake pia, na moja siwezi kuipita. Ndani ya ukuta wa pua kuna protini ambayo kazi yake ni uhamali. Hupokea kingamwili upande wa ndani wa seli, huzibeba kupitia seli nzima, huzishusha upande wa nje kwenye ute zikapigane. Mwaka 2000 kundi la Tuomanen lilionyesha kwamba nyumokoki ana protini juu ya ngozi yake inayomdaka hamali huyu akiwa mlangoni, akamrudisha ndani naye. Njia ya kupelekea silaha inakuwa njia ya kuingilia adui. Tena mshiko huo unamtambua hamali wa binadamu, si wa panya. Ni mkono uliokatwa kwa kipimo chetu. Pamoja na hayo nyumokoki hukaa ndani ya pua za watoto wengi bila kuwadhuru, ushahidi kwamba kushika si lazima kuwe kuuguza. Kilifi, ambako watafiti wamekuwa wakihesabu kwa uvumilivu nani amembeba na nani ameugua, chanjo dhidi ya aina zake kumi iliingia Januari 2011, na magonjwa makali ya aina hizo kwa watoto wa chini ya miaka mitano yakapungua kwa asilimia 92. Chanjo hiyo hailengi mikono. Inalenga joho la sukari alilovaa. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Nirudi kwenye kifaduro, kwa sababu kuna wanawake watatu nataka kuwataja. Miaka ya 1930, mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, Pearl Kendrick na Grace Eldering walifanya kazi maabara ya afya mchana, na jioni, saa za kazi zikiisha, walitoka kwenda nyumba kwa nyumba. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kina baba hawana kazi. Walibeba visahani vyenye chakula cha bakteria, mchanganyiko wa viazi, gliserini na damu uliobuniwa na Bordet na Gengou, wakakishika kisahani mbele ya mdomo wa mtoto na kusubiri akohoe. Katika nyumba nyingine mwanga ulikuwa wa taa ya mafuta. Kila ninaposoma habari hiyo naona kibatari cha bibi. Walichokipata walikiotesha, wakakiua, wakakifanya chanjo, wakaanza kuijaribu mwaka 1934 kwa uangalifu ambao wakubwa wengi wa fani wakati ule hawakuwa nao. Muongo uliofuata alijiunga nao Loney Gordon, mkemia Mmarekani mweusi, aliyechambua maelfu ya visahani kutafuta bakteria mwenye nguvu ya kufaa kwa chanjo.

Chanjo yao ilikuwa ya bakteria mzima aliyekufa. Mwili ulionyeshwa maiti yote: mikono, ngozi, vyote. Ndiyo jamii ya chanjo ambayo bado iko kwenye sindano ya pamoja wanayochomwa watoto wa Tanzania na Kenya wakiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na kinga ya dondakoo na pepopunda. (Punda tena. Sijui kwa nini mnyama huyu mpole ametwikwa magonjwa yetu.) Chanjo hiyo huleta homa na paja kuvimba, na nchi tajiri zilichoka nayo. Japani ilitangulia mwaka 1981 na chanjo iliyosafishwa, yenye protini chache tu zilizochaguliwa: sumu iliyoondolewa makali, FHA, na baadaye katika nyingine pertaktini na fimbria. Yaani badala ya kuonyesha maiti, waliuonyesha mwili mikono peke yake. Ikieleweka vizuri, ni hoja nzuri sana. Mkono anaoutumia mtu kushika ndio utakaomtambulisha.

Bakteria akajibu. Katika nchi zinazotumia chanjo iliyosafishwa, Marekani, Ufaransa, Japani, Australia, walianza kupatikana bakteria wa kifaduro wasio na pertaktini kabisa. Jeni imeharibika, mahali pengine kwa namna hii, mahali pengine kwa namna ile, kama watu wa vijiji mbalimbali waliofikia uamuzi mmoja bila kuonana. Kufikia mwaka 2012 walikuwa zaidi ya nusu ya wale waliopimwa Marekani. Wamekikata kidole kilichojulikana, na bado wanashika kwa vilivyobaki. Kule kule Marekani watafiti waliwachanja nyani, ndugu wa wale wanaotuvunia mahindi yetu, wakawaweka pamoja na bakteria. Waliopata chanjo iliyosafishwa hawakuugua, lakini bakteria walikaa kooni mwao kwa wiki kadhaa na wakawapitia nyani wengine. Waliopata chanjo ya bakteria mzima waliwaondoa mapema zaidi. Sioni sababu ya kujivuna kwamba sindano yetu ya zamani, yenye homa, ndiyo inayoondoa zaidi. Hatukuichagua kwa hekima. Tuliibakiza kwa bei. Lakini mara nyingine bei hutuchagulia vizuri.

Yule mwana wa mama mdogo alipona. Sasa ni fundi seremala Singida, ana kifua kama ngoma, hakumbuki lolote. Nilipomsimulia kwamba kilichomshika kilikuwa na mikono kweli, alitazama mikono yake mwenyewe, iliyojaa gundi ya mbao, akasema, "Kwa hiyo bibi alikuwa anashindana nacho." Nilimuuliza ana maana gani. "Nani anishike zaidi," akasema, akarudi kwenye randa yake.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu kliniki. Mtoto alikuwa amefikisha wiki sita. Tulikaa kwenye benchi refu pamoja na kina mama wengine, kadi mkononi, kila mtoto akilia zamu yake ikifika na wengine wakimsaidia kwa huruma. Binti yangu hawezi kutazama sindano tangu utotoni. Jina lake lilipoitwa alinikabidhi mtoto, akageukia dirishani. Muuguzi alikuwa binti mdogo, na haraka yake ilikuwa ya upole. Alifuta paja kwa pamba.

"Babu, mshike mguu," akasema. "Siyo hivyo. Mshike vizuri."

Nikamshika.